Maji ni ya nani? Kuelewa hizi kampuni ndogo za maji za mitaani Nairobi

Ukihamia nyumba Nairobi swali la kwanza kwa keateka, yule mtunzaji wa ploti, ni "maji iko?" na jibu ni lilelile kila mtaa, iko bana, na mara nyingi hata hadanganyi, ni vile tu hajakuambia iko saa ngapi. Swali lenye hatuulizi ni maji ni ya nani. Na hilo ndo linaamua utalipa ngapi, utampigia nani simu mfereji ukikauka, na kama kuna mtu yeyote serikalini anaweza kumgusa huyo mwenye maji akikukosea.

Sisi maji yetu tunauziwa na kampuni ndogo ya mtaani, na nimeamua kuandika ju kwa grupu yetu ya WhatsApp ya esteti kila mwisho wa mwezi ni vita, na ukisoma pole pole unagundua watu hata hawabishani juu ya kitu kimoja. Mmoja analia bei ya yuniti, mwingine anauliza mbona meno ya mtoto yanakuwa ya kahawia, mwingine anasema hii kampuni haina leseni tuishtaki, alafu kuna yule wa kila siku anakuja kutuambia tushukuru hata tuna maji, kuna watu wanabeba mitungi. Wote wana pointi. Shida ni kwamba ni maneno manne tofauti na kila moja lina mlango wake wa kubisha, sisi tunabisha mlango mmoja wa keateka wa watu ambaye hata hajui kisima kina urefu gani.

Kwanza, kwa nini hawa wenye kampuni ndogo za maji wako. Maji ya kanjo, yaani ya Nairobi City Water and Sewerage Company ambayo ni ya kaunti, mengi yanatoka mbali, Murang'a huko, bwawa la Ndakaini lililomalizwa 1994 na linalobeba kama mita za ujazo milioni 70. Hilo moja ndo linabeba zaidi ya asilimia 80 ya maji ya jiji. Zingine ni Sasumua, Ruiru na chemchemi za Kikuyu. Ukijumlisha zote unapata kama lita milioni 525 kwa siku, na jiji linataka zaidi ya milioni 800. Kuna ule mtaro wa chini kwa chini wa Northern Collector, karibu kilomita 12, ulichimbwa Murang'a uongeze kama lita milioni 140 kwa siku, lakini hata ukiongeza zote bado hesabu haifiki. Na hapo bado hujatoa yale yanayopotea njiani, manake karibu nusu ya maji yanayosafishwa hayalipiwi, mengine yanavuja, mengine yanaibwa. Ukame wa 2017 ulileta ratiba ya mgao wa maji na hiyo ratiba haijawahi kuisha kabisa, iliingia kama mgeni ikakaa.

Sasa ongeza hapo vile mji umekua. Utawala, Ruai, Njiru, Mihang'o, ploti ziliuzwa, fleti zikasimama, watu wakaingia, bomba la kanjo bado liko barabara kuu au halipo kabisa. Mwenye pesa akachimba kisima. Akajaza tangi lake, yakabaki, jirani akaomba laini, jirani wa jirani akaomba, na kabla hujajua kuna paipu chini ya kila njia ya mtaa, kuna peibili ya M-Pesa na kijana wa kusoma mita, na hiyo ndo kampuni. Hakuna siku mtu alikaa akapanga hii kitu. Ilikua tu.

Kwa hivyo ukisema "kampuni ndogo ya maji" Nairobi unaweza kuwa unamaanisha watu tofauti sana. Kuna wachache kabisa wenye leseni kamili, mfano Runda Water kule Runda, au ukivuka tu kuingia Kiambu kuna Kiamumbi Water Trust, hawa wanakaguliwa na WASREB ambayo ni bodi ya taifa ya kudhibiti huduma za maji, bei yao inapitishwa, na kila mwaka wanawekwa kwa ripoti pamoja na kampuni kubwa za kaunti. Kuna developa aliyejenga esteti akaweka kisima na akabaki akiuzia wale wale aliowauzia nyumba. Kuna mwenye kisima wa mtaa niliyemwelezea hapo juu, na huyu ndo wengi wetu tuko naye. Kuna visima vya jamii, vikiwemo vile zaidi ya mia vilivyochimbwa na NMS, lile shirika la serikali kuu lililopewa kazi za kaunti chini ya Jenerali Badi, kuanzia 2020 kwa mitaa ya mabanda, maji yakawa ya bure au karibu bure, lakini kisima kinataka stima na fundi kila mwezi na bure hailipi stima. Alafu kuna wale wa Mukuru, Mathare na Kibera wenye vile vipaipu vyembamba vya plastiki vinavyopita kwa mitaro, vimelundikana kama spageti, na huyo mara nyingi maji yake si yake, ni ya kanjo yameunganishwa kwa njia anazozijua yeye na mtu wake wa ndani. Hao ndo tunaita makateli, na kusema ukweli jina linawafaa wengine wao tu, kuna wengine ni mama anauza mitungi kwa mlango wake na akiamka bila maji na yeye analala njaa.

Bei sasa, ju hapa ndo kelele iko. Yuniti moja ya maji ni lita 1,000, ni kama mitungi 50 ya lita 20. Hiyo kumbuka tu. Ukinunua mtungi kwa bob 5 unalipa 250 kwa yuniti. Ukinunua kwa bob 20, vile bei hufika kiangazi mkokoteni ukikuletea mpaka mlangoni, hiyo ni 1,000 kwa yuniti. Zile mashine za tokeni ambazo Nairobi Water ilileta Mathare 2015 zilikuwa zinauza mtungi kwa senti 50, yaani 25 kwa yuniti. Mji mmoja, maji labda ya Ndakaini moja, na tofauti ni mara 40. Mwenye hana paipu ndo analipa zaidi, hiyo inajulikana, lakini hata sisi wa kampuni ndogo tuko mahali katikati na hatujui tuko wapi hasa kwa sababu bili imefichwa kwa vipande.

Tuseme kampuni inakwambia yuniti ni 150. Sawa, si mbaya. Alafu kuna 300 ya kila mwezi utumie usitumie. Familia ya watu wanne inayotumia yuniti 8 italipa 1,200 na 300, jumla 1,500, ukigawanya ni kama 188 kwa yuniti. Sasa huyu kijana anayeishi peke yake bedsita, anatoka asubuhi anarudi usiku, anatumia yuniti 2. Analipa 300 ya maji na 300 ya kuwepo, hiyo ni 300 kwa yuniti. Mara mbili kamili ya kile kimeandikwa kwa karatasi. Na kama ni ile mita ya tokeni kuna ada ya kila tokeni, na ukinunua za bob 50 50 kwa vile ndo uko nazo, hiyo ada inakula zaidi. Kwa hivyo mtu akikuuliza maji yenu ni ngapi usimwambie bei ya yuniti. Chukua ulicholipa mwezi mzima ugawanye na yuniti ulizotumia.

Je, wanatuibia? Hapa nataka kuwa mwaminifu ju hata kwa grupu nimejaribu kusema nikaitwa mtu wa kampuni. Visima vya Nairobi ni virefu, mita 200, 300, na vingine vimeenda chini zaidi ju kila mtu anachimba na maji yanazidi kushuka. Ukifanya hesabu ya nguvu tu, kupandisha yuniti moja ya maji kutoka mita 200 kunataka karibu nusu kilowati saa, lakini pampu inapoteza nyingi njiani, kwa hivyo weka moja na kidogo. Stima ya biashara ndogo ukipiga na kodi zote unaweza kuwa unalipa 25 mpaka 30 kwa kilowati saa. Kwa hivyo stima ya kutoa yuniti moja ya maji ni kama bob 30. Sasa mtu anayekuuzia 200 na kusema "ni stima imepanda", stima ingepanda hata maradufu ingemwongezea 30. Muulize zingine ni za nini.

Na zingine zipo kweli. Pampu ya chini ya kisima inaungua, na ikiungua unaita mashine ya kuitoa na hiyo si pesa ya mchezo, kuchimba kwenyewe ni mamilioni na mara nyingi ni loni, kuna tozo ya serikali ya kuchota maji inayolipwa WRA, ile mamlaka ya rasilimali za maji, kuna yule kijana wa mita. Lakini kitu kikubwa kinachofichwa ni kuvuja. Kisima kikitoa yuniti 1,000 kwa mwezi na mita za nyumba zote zikijumlishwa zinasoma 600, zile 400 mmezilipia nyinyi ndani ya bei, na fundi wa kuziba hatafutwi kwa sababu hakuna anayempigia kelele mwenye kampuni kuhusu kitu asichokiona. Kama mna nafasi ya kuuliza swali moja tu kwa mkutano wa esteti, ulizeni mita ya kisimani ilisoma ngapi mwezi uliopita na mita zetu zote zilisoma ngapi. Kampuni ya maana itakuwa nayo. Ikisema kisimani hakuna mita, hapo pia umejifunza kitu, manake kibali cha WRA kinataka kisima kiwe na mita.

Bili za ajabu, zile za kutoa jasho. Mwaka jana kwetu jirani mmoja, mama wa makamo, aliletewa bili mara tatu ya kawaida na hakuwa hata amepokea wageni. Akamshika yule kijana kwa geti.

"Mathe, mimi nimetumwa tu kusoma."

"Na ulisoma aje na geti ilikuwa imefungwa tumeenda ushago?"

Kijana akanyamaza, alafu akasema ofisi ndo iliweka makadirio. Ndo hapo ikajulikana miezi miwili mfululizo hakuna mtu alisoma, walikadiria chini, alafu siku walisoma kweli wakamwangushia zote kwa mwezi mmoja. Maji alikuwa ametumia kweli, lakini pale ambapo bei hupanda ukipita yuniti fulani, kurundika miezi mitatu kwa mmoja kunamsukuma kwa ngazi ya juu ambayo hangefika. Huo ndo wizi ambao hata aliyefanya hajui amefanya. Sasa hivi yeye hupiga picha mita yake kila tarehe moja, namba na tarehe zikionekana, na anaituma kwa kampuni kwa WhatsApp kabla hata hawajakuja. Hajapata shida tena.

Kuna nyingine ya hewa. Watu hudhani ni hadithi lakini ni kweli, mita nyingi za nyumbani ndani kuna kitu kinachozunguka maji yakipita, na hicho kitu hakijui kama kinachokisukuma ni maji au hewa. Paipu ikikaa kavu siku mbili tatu alafu maji yafunguliwe, ile hewa yote inatoka mbele ikipiga miluzi na mita inakimbia. Kwa mwezi wenye mgao mwingi inaweza kuongeza kitu. Haiwezi kufanya bili mara tatu, mtu asikudanganye, ukiona mara tatu tafuta makadirio au choo. Choo ndo mshukiwa mkubwa. Funga mifereji yote usiku, angalia mita, kuna kapembetatu kadogo kekundu au kanyota, kakiendelea kuzunguka maji yanaenda mahali. Weka rangi ya chakula kwa tangi la choo usiflashi, ukirudi baada ya nusu saa ukute imeingia kwa bakuli, umempata mwizi na yuko ndani ya nyumba yako.

Haya, sheria. Hapa watu wengi wanachanganyikiwa na si kosa lao. Katiba ya 2010 kifungu cha 43 inasema kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha, na huduma ya maji ni kazi ya kaunti. Sheria ya Maji ya 2016 ikagawa kazi. WRA inashughulika na maji yakiwa bado ardhini na mitoni, yaani hao ndo wanatoa kibali cha kuchimba na cha kuchota. WASREB inashughulika na maji yakishaanza kuuzwa, leseni, bei, ubora, malalamiko. Sasa ukienda ofisi ya mwenye kisima mtaani utaona amebandika karatasi ya WRA kwa fremu ukutani na ukiuliza leseni anakuonyesha hiyo. Hiyo inasema anaruhusiwa kuchota. Haisemi anaruhusiwa kukuuzia wewe na watu wengine mia tatu kwa bei aliyoamka nayo. Ni karatasi mbili, na ile ya pili wengi hawana.

Na hapo ndo kuna mtego. Wenye leseni bei yao haiwezi kupanda kiholela, lazima waombe, wananchi waulizwe, ipitishwe, na ukilalamika kuna njia, kuna mfumo wa MajiVoice wa kupokea malalamiko na kuna mpaka Mahakama ya Maji. Asiye na leseni hana chochote cha kunyang'anywa. Ukimshtaki, serikali inaweza kumfungia kisima, sawa, alafu Jumatatu mtaoga na nini? Mwenye kampuni anajua mnajua hivyo. Na kwa vile paipu ni moja na iko kwa ardhi, huwezi kuhama ukaenda kwa mwingine vile unahama laini ya simu. Ndo maana mimi sioni maana ya kusema tu "washtakiwe". Afadhali tuwasukume wawe na leseni au waandikiane na kampuni ya kaunti, ili wawe na kitu cha kupoteza. Wako watakaokataa ju leseni inakuja na ukaguzi. Hao sasa ndo wa kushtaki.

Za esteti za developa ni kesi yake kando. Wakati nyumba zinauzwa maji ni tamu, kisima cha esteti, maji masaa 24, iko hata kwa brosha. Nyumba zikiisha developa hana tena mtu wa kupendeza, na kile kiploti cha kisima mara nyingi kimebaki kwa hati yake, hakikuingia kwa mali ya pamoja ya wenye nyumba. Wakazi wakiunda komiti wakitaka kuendesha kisima wenyewe wanakuta wanakodi maji yao wenyewe. Na hata wakipewa, komiti nazo zina drama zake, mwenyekiti analipa fundi ni binamu yake, watu watatu wanalipa watu kumi wanangoja, stima inakatwa ju ya deni la majirani. Nimeona komiti iliyofanya kazi vizuri na kitu pekee ilichokuwa nacho tofauti ni kwamba hesabu ilikuwa inabandikwa getini kila mwezi, nani amelipa, pampu imekula ngapi. Aibu ilifanya kazi kuliko barua ya wakili.

Nimeacha ubora mwisho kwa sababu ndo hatuongelei kabisa na ndo ungetakiwa kuwa wa kwanza. Maji ya Ndakaini yanatoka milima ya Aberdare na yanasafishwa, shida yake ni njiani, paipu ikiwa haina presha na inapita kwa mtaro inavuta uchafu ndani, kwa hivyo yale maji ya kwanza baada ya mgao yaache yatiririke, hata ukiyamwaga kwa ndoo ya kupiga deki. Maji ya kisima ni kinyume, mara nyingi yanaonekana safi kama kioo, hayana harufu, na shida yake haionekani. Miamba ya chini ya Nairobi ni ya volkano na visima vingi vina floridi kupita kiwango, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita. Zile alama za kahawia kwa meno ya watoto ni hiyo, na zinaingia wakati meno ya ukubwani bado yanajitengeneza chini ya ufizi, kabla mtoto hajafika kama miaka 8. Yakishatoka yakiwa hivyo dawa ya meno haitoi.

Na hapa kuna kitu mtu anatakiwa kusikia vizuri. Kuchemsha kunaua viini, hakutoi floridi. Tena ukichemsha sana maji yanapungua floridi inabaki palepale, kwa hivyo inakuwa nyingi zaidi kwa kikombe. Klorini pia haitoi. Zile filta za kawaida za kuweka kwa sinki nyingi hazitoi. Kinachotoa ni zile mashine za reverse osmosis kama za wanaouza maji ya kujaza chupa, au mkaa wa mifupa ambao umetumika sana upande wa Nakuru kwa shida hiyohiyo, au unachanganya na maji ya mvua au ya kanjo ili kiwango kishuke. Kwa nyumba yenye mtoto mdogo njia rahisi ni kutenga, ya kisima yaoshe, ya kunywa na ya uji yatoke kwingine.

Kampuni ikikuonyesha cheti cha maabara angalia vitu viwili, tarehe, na kama kilipima floridi ama kilipima viini peke yake, manake wengi hupima viini tu kwa vile ni rahisi na vinapita. Angalia pia sampuli ilichukuliwa wapi, kisimani au kwa mfereji wa mtu, ju kisima kinaweza kuwa safi na tangi la juu la ploti halijaoshwa tangu lijengwe. Kuna maabara za serikali na za vyuo vikuu zinazopokea sampuli kutoka kwa watu binafsi, unauliza tu kwanza chupa iwe ya aina gani na uifikishe kwa muda gani, ukigawanya kati ya nyumba ishirini si pesa ya kukosanisha watu. Kwetu tumekubaliana, baada ya matusi kidogo, tuchangie hicho kipimo kwanza mwezi huu. Ile ada ya kila mwezi tutarudi kuipigania tukishajua tunakunywa nini.